Chombo Kilalacho Uani

Kwa watu wa pwani, nyumba na chombo ni vitu viwili vilivyotengwa na mstari wa maji ya kupwa na kujaa. Mwenye mashua hulala kitandani pake, nayo mashua hulala mahali pake: ama juu ya nanga, ama juu ya mchanga pale maji ya bamvua yanapoishia. Mtu akisema anacho chombo, maneno hayo peke yake huonyesha ya kuwa anakaa karibu na bahari, au ana mtu wake anayekaa huko. Katika Uingereza mambo yalikuwa ni yale yale kwa karne nyingi, na juu yake liliongezwa jambo jingine: chombo cha tanga cha kutembelea kwa furaha, kisichovua samaki wala kuchukua shehena, kilikuwa mali ya matajiri. Mambo hayo mawili yalivunjwa pamoja katika muda wa miaka 20 hivi baada ya vita vya pili vya dunia, na vilivyoyavunja ni mbao nyembamba, gundi, na gari dogo lenye kukokota tela.

Ukubwa wa ukuta uliobomolewa waonekana vizuri katika habari za Thomas Lipton. Alizaliwa Glasgow mwaka wa 1848, mwana wa wazazi maskini waliotoka Ireland na kuendesha duka dogo la vyakula. Yeye naye alifungua duka lake mwaka wa 1871, akaongeza la pili na la tatu hata yakawa mamia, akanunua mashamba ya chai katika kisiwa cha Ceylon, na jina lake likaingia katika kila jiko la Uingereza. Mtu huyu alijengesha mashua tano kubwa za mashindano, zote akaziita Shamrock, na mara tano, tangu mwaka wa 1899 hadi 1930, alizipeleka Marekani kulishindania Kombe la Amerika. Mara zote tano alishindwa, naye alishindwa kwa adabu iliyowafanya Wamarekani wampende kuliko mshindi. Lakini klabu kuu ya mashua ya Waingereza, ile ya Cowes iliyoasisiwa mwaka wa 1815, haikumfungulia mlango, na miaka yote hiyo aliingia mashindanoni kwa jina la klabu ya Ulster. Cowes walimkubali mwaka wa 1931, na mwaka ule ule akafariki dunia. Fedha alikuwa nazo; kilichomponza ni duka. Ikiwa mlango ulikuwa mzito hivyo kwa mwenye Shamrock tano, mfua chuma wa Birmingham angeufikia kwa njia gani?

Mtu mmoja alikuwa amekwisha kuuzunguka ukuta huo zamani, pasipo kubisha hodi. Mwaka wa 1865 mwanasheria wa Kiskoti, John MacGregor, alijengewa mtumbwi wa mbao za mwaloni na mwerezi, urefu wake futi 15 na uzito wake ratili 80, wenye kafi na tanga dogo, akauita Rob Roy. Kwa mtumbwi huo alisafiri katika mito na maziwa ya Ulaya. Mto ulipokwisha, Rob Roy ulipakiwa katika behewa la reli au juu ya mkokoteni, ukapelekwa hadi kwenye mto mwingine, na wanavijiji wakakusanyika kustaajabia chombo kipitacho barabarani. Kitabu cha safari ile kilitoka mwaka wa 1866 na kilipata wasomaji wengi. Ndani yake lilikuwamo wazo lililongoja karibu miaka 100 kupata zana zake: kwamba chombo chepesi chaweza kumfuata mwenyewe kwa njia ya nchi kavu, badala ya mwenyewe kukifuata bandarini.

Kilichochelewesha wazo hilo ni ubao wenyewe. Kila fundi wa pwani ajua ya kuwa mashua ya mbao ikiachwa juani muda mrefu hukauka, mbao zake hunywea, na kalafati hulegea katika nyufa. Siku ya kushuliwa huingiza maji kama kikapu mpaka mbao zivimbe tena. Chombo cha namna hiyo chataka maji ili kiwe kizima. Mwenye nacho akikaa mbali, hana budi kukodi mahali bandarini na kumlipa mtu wa kukiangalia, na kila mwaka kukipandisha pwani kwa gharama nyingine. Gharama hizo zisizokoma, kupita hata bei ya kukinunua, ndizo zilizowafunga watu wa mishahara midogo. Plaiwudi, yaani ubao wa matabaka yaliyogandamizwa, ilikuwako, lakini gundi zake za zamani zilitengenezwa kwa maziwa au kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na zikilowa sana zilifumuka. Mashua iliyojengwa kwa plaiwudi ile ingerudi kuwa karatasi.

Dawa ya ugonjwa huu ilitoka katika ndege. Katika miaka ya 1930 huko Cambridge ilivumbuliwa gundi ya kikemia iliyoitwa Aerolite, na wakati wa vita gundi za ukoo huo zilishikanisha mbao za ndege ya Mosquito, ndege ya vita iliyojengwa karibu yote kwa mti. Amani iliporudi mwaka wa 1945, viwanda vilibaki na ujuzi na mashine, na havikuwa na ndege za kutosha za kujenga. Kampuni ya Fairey, iliyokuwa ikiunda ndege, ikageukia mashua. Mwaka wa 1946 ilitoa Firefly, chombo kidogo kilichobuniwa na Uffa Fox, ambacho ubavu wake mzima ulifinyangwa kwa matabaka ya mti ndani ya tanuri ya mvuke. Miaka miwili baadaye Firefly ilitumiwa katika Olimpiki, mashindano ya matanga yakifanyika Torquay, na kijana wa Denmark, Paul Elvstrøm, akajipatia medali ya kwanza kati ya nne za dhahabu alizozipata maishani mwake. Lakini tanuri ya mvuke haipatikani uani pa mtu. Firefly ilikuwa nyepesi na ngumu, nayo bado ilikuwa bidhaa ya kiwanda.

Aliyekileta chombo mikononi mwa mtu wa kawaida ni Jack Holt, fundi mwenye karakana yake Putney, kando ya mto Thames. Holt aliacha umbo la mviringo lililotaka mbao zipindwe kwa mvuke, akachora vyombo vya bapa zilizokutana kwa pembe, ambavyo mtu mwenye msumeno, randa na subira angeweza kuvijenga. Mwaka wa 1947 alitoa Cadet kwa ajili ya watoto, mwaka wa 1949 GP14 kwa ajili ya jamaa nzima, na mwaka wa 1956 Enterprise yenye matanga ya buluu. Hii Enterprise ilidhaminiwa na gazeti la News Chronicle. Hilo lilikuwa jambo geni: gazeti la kila siku, linalosomwa katika treni za asubuhi, likiwatangazia wasomaji wake mashua kama linavyowatangazia sabuni. Gazeti lenyewe lilikufa mwaka wa 1960. Mashua yake ikaishi.

Kisha ikaja Mirror. Barry Bucknell hakuwa mtu wa mashua kwanza; alijulikana kwa kipindi chake cha televisheni ya BBC alimowafundisha watu kutengeneza nyumba zao kwa mikono yao wenyewe, kupachika rafu na kuziba milango ya kale kwa mbao laini. Alijua kitu ambacho mafundi wa mashua hawakukijua, nacho ni kipimo cha ujinga wa mtu wa kawaida mbele ya randa. Yeye na Holt waliunganisha ujuzi wao mwaka wa 1962, na mwezi wa Januari 1963 chombo chao kikaonyeshwa katika maonyesho ya mashua ya London chini ya jina la gazeti la Daily Mirror, ambalo siku zile liliuza nakala karibu milioni 5 kila siku, wengi wa wasomaji wake wakiwa wafanya kazi. Matanga yalikuwa mekundu, rangi ya gazeti. Urefu wa chombo ulikuwa futi 10 na inchi 10, uzito wake kilo 45 na kitu. Bei yake ya kwanza ilikuwa pauni 63 na shilingi 11, takriban mshahara wa majuma manne wa mwanamume afanyaye kazi ya mikono. Fedha hizo zilimpa mnunuzi vipande vya plaiwudi vilivyokatwa tayari, na kazi iliyobaki ilikuwa yake.

Namna ya kuviunganisha ndiyo iliyokuwa ajabu yake. Mashua za Waingereza kwa desturi hujengwa kwa kutangulia mkuku na mataruma, kisha mbao zikapigiliwa juu ya mifupa hiyo. Mirror haikuwa na mifupa ya kutangulia. Kingo za vipande zilitobolewa matundu madogo, vipande vikashonwa kimoja kwa kingine kwa waya wa shaba, na chombo kikajitokeza chenyewe kutoka katika bapa, kama kanzu itokavyo katika vitambaa vilivyokatwa na mshoni. Njia hiyo alikwisha kuitumia mwalimu mmoja wa useremala, Ken Littledyke, katika mitumbwi midogo. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa sana, kwa kuwa pwani ya Lamu ilikuwa na mtepe, jahazi lisilo na msumari hata mmoja, lililoshonwa kwa kamba za makumbi na kusafiri kwa tanga la mkeka mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuna ushahidi kwamba Bucknell alipata kusikia habari za mtepe, na tofauti ya kazi hizo mbili ni kubwa. Katika mtepe, mshono ndio nguvu ya chombo muda wote wa maisha yake, nao ulipochakaa ulishonwa upya. Katika Mirror, waya ni mtumishi wa siku chache: maungio yakiisha kupakwa utomvu wa kikemia na kufunikwa kwa utepe wa nyuzi za kioo, ncha za waya hukatwa, na kinachoshika ni utepe ule. Lakini fundi wa mtepe, laiti angaliingia katika banda la karani wa Leicester jioni moja ya mwaka wa 1963 na kumkuta amepiga magoti akikaza waya kwa koleo, angalijua mara moja kinachofanyika mle.

Vilivyobaki katika umbo la Mirror vilifuata amri moja, nayo ni amri ya barabara. Omo yake haikuchongoka. Ilikatwa butu kama hori, kwa sababu omo ya namna hiyo ni rahisi kujenga na hufupisha chombo bila kupunguza nafasi ya watu. Mlingoti ulifanywa mfupi, na foromali ikapandishwa juu yake hata ikasimama karibu wima, ili miti yote ikishushwa ilale ndani ya urefu wa chombo. Kando na mbele na nyuma palikuwa na vyumba vilivyozibwa, vyenye hewa, visivyoruhusu chombo kuzama hata kikipinduka. Watu wawili waliweza kukiinua na kukiweka juu ya paa la gari dogo. Wenye mashua za mbio walikicheka, wakakiita sanduku la machungwa. Si uongo wote: dhidi ya mawimbi mafupi omo ile hupiga maji kofi, na chombo husimama. Hata hivyo Mirror zilizojengwa zilipita 70,000, na hakuna mashua ya Cowes iliyowahi kuwafundisha watoto wengi hivyo kubisha.

Gari lilikuwa nusu ya habari hii. Petroli iligawiwa kwa kadi katika Uingereza tangu wakati wa vita hata mwezi wa Mei 1950, na kwa miaka kadhaa baada ya vita magari mapya mengi yalisafirishwa kuuzwa ng'ambo. Miaka ya 1950 ilipofika katikati, mtu wa kazi aliweza kuanza kufikiri juu ya gari lake mwenyewe. Na aliyekuwa na gari aliweza kufikiri juu ya tela. Hapo bandari ya mtu ikawa ua wake. Chombo kilifudikizwa juu ya magogo mawili nyuma ya nyumba, kando ya kamba ya kuanikia nguo, na Jumapili kilipelekwa bahari yo yote, au ziwa, au bwawa la maji ya mji, au shimo la kokoto lililojaa maji, ambako klabu mpya zisizo na nasaba zilianzishwa na watu waliojenga vyombo vyao wenyewe. Asiyependezwa na klabu aliweza kukaa bila klabu. Alichohitaji ni mteremko wa kushua, na juu ya miteremko hiyo, ni nani mwenye haki ya kuitumia na kwa ada gani, magomvi hayajakwisha mpaka leo.

Wauzaji hawakuyataja magumu ya kumiliki chombo cha namna hiyo, lakini kila mwenyewe aliyajua kabla ya mwaka kwisha. Tela hutumbukizwa katika maji ya chumvi kila safari, na bearingi za magurudumu yake huliwa na kutu zisipooshwa kwa maji baridi na kutiwa grisi. Wengi waliokwama njiani usiku, mashua ikiwa nyuma yao na gurudumu limeng'oka, walilijua somo hilo kwa njia ya ghali. Mlingoti uliosimamishwa pwani hugusa waya za umeme, na huo ni msiba uliotokea kweli. Plaiwudi haiogopi jua kama ubao mzima, lakini ina adui katika kingo zake: rangi ikipasuka pale, maji hupanda katika matabaka kidogo kidogo, na chombo huoza kikiwa chini ya turubali huku mwenyewe akidhani kimelala salama. Kisha kuna adui mkubwa kuliko maji, ambaye ni uvivu wa Jumamosi asubuhi. Mwenye chombo bandarini hukumbushwa kila mwezi na hati ya malipo. Mwenye chombo uani hakumbushwi na mtu. Majani huota kupita tela. Yamkini nusu ya uhuru ulioletwa na vyombo hivi ulipotea namna hiyo, bila kelele, nyuma ya nyumba.

Walikuwapo waliotaka kujua chombo cha tela kinaweza kufika wapi. Frank Dye alikuwa mwuza magari wa Norfolk. Alikuwa na Wayfarer, mashua iliyobuniwa na Ian Proctor mwaka wa 1957, ya futi 15 na inchi 10, isiyo na sitaha ya kulala wala chumba. Yake iliitwa Wanderer. Mwaka wa 1963, yeye na mwenziwe mmoja waliishua Kinlochbervie, kaskazini ya Scotland, wakatweka kuelekea Iceland, na baada ya siku 11 wakatia nanga katika kisiwa cha Heimaey. Mwaka uliofuata alielekea Norway na mwenzi mwingine. Dhoruba iliwakuta katikati. Wanderer ilipinduka mara nne, mlingoti ukavunjika, na mara nne waliinyanyua, wakakomba maji na kukaa wakingoja pigo jingine. Walifika. Mabaharia wengi wenye akili walisema safari zile ni wazimu, na ni vigumu kuwapinga.

Katika Marekani, wakati huo huo, palikuwa na mhariri wa gazeti la Plain Dealer la Cleveland aitwaye Robert Manry. Kazi yake ilikuwa kusahihisha makala za wengine. Mwaka wa 1958 alinunua kwa dola 160 mashua kuukuu ya futi 13 na nusu, iliyokuwa na umri wa miaka 30 hivi. Aliitengeneza upya kwa mikono yake, akaijengea chumba kidogo cha kujikunyata, akaiita Tinkerbelle. Aliiweka nyumbani, akaikokota kwa tela kwenda ziwa Erie pamoja na mkewe Virginia na watoto wao wawili, kama walivyofanya maelfu ya watu wengine. Rafiki yake mwenye mashua kubwa zaidi alimwalika wavuke Atlantiki pamoja, kisha akaghairi. Manry hakughairi. Ofisini aliomba likizo, na wenzake waliendelea kudhani anakwenda na rafiki yule. Akaijaza Tinkerbelle povu gumu lisilozama, akaifunga juu ya tela, akaipeleka hadi Falmouth, mji wa pwani ya Massachusetts.

Tarehe 1 Juni 1965 alitweka. Kesho yake alitimiza umri wa miaka 47. Safari ilichukua siku 78. Mawimbi yalimtupa nje ya chombo mara kadhaa, naye akarudi kwa kamba aliyojifungia kiunoni, usukani ulivunjika, na kwa kutolala, akitumia vidonge vya kumweka macho asigongwe na meli, alianza kuona watu wasiokuwapo, akazungumza nao na kuwatii. Virginia ndiye aliyejua tangu mwanzo. Habari zilipoenea kwamba kuna mtu katika sanduku dogo katikati ya bahari, waandishi walikimbilia Uingereza, na wa kwanza kumpata baharini hawakuwa watu wa gazeti lake mwenyewe, bali mtu wa televisheni wa Cleveland aliyekodi chombo cha wavuvi. Tarehe 17 Agosti Manry aliingia Falmouth nyingine, ile ya Cornwall, kati ya mamia ya vyombo vilivyotoka kumlaki, na kuta za bandari zimejaa watu. Hapakuwa na mashua ndogo kuliko yake iliyokwisha kuvuka Atlantiki bila kutua.

Watu wale hawakwenda kutazama mashua nzuri. Tinkerbelle haikuwa nzuri, wala haikuwa ya mbio. Wengi wao walikuwa na chombo cha namna ile ile nyumbani, au jirani yao alikuwa nacho, na ndani ya mhariri yule aliyechoka na kuungua jua walimwona mtu aliyefanya kwa mali kama yao kile ambacho klabu kubwa ziliwaambia kwamba chahitaji mali nyingine. Manry alichapisha kitabu chake mwaka wa 1966, akafariki mwaka wa 1971 akiwa na umri wa miaka 52. Mashua yake imehifadhiwa Cleveland, si mbali na nyumba aliyoitoa. Wanderer ya Dye iko katika jumba la makumbusho ya bahari la Falmouth, katika bandari ile ile ambamo Tinkerbelle ilipokewa. Mirror nyingi zimekwisha kuoza. Zilizobaki huuzwa kwa bei ya baiskeli na watu waliohama au waliozeeka, na mnunuzi huja na tela siku ya Jumamosi, huzifudukua, hupiga ubavu kwa kidole akisikiliza kama kuna mahali palipooza, kisha huuliza matanga mekundu yamewekwa wapi.